MBEGU ZA KIGOMA NA UTAJIRI WA MALAYSIA: KISA TULICHOSIMULIANA VIBAYA



Ndugu yangu, dada yangu, kabla hujaendelea kusoma hebu nenda jikoni ukaangalie dumu la mafuta ya kupikia. Kama si ya alizeti, basi yaelekea ni mawese yaliyosafishwa, na yaelekea yametoka Malaysia au Indonesia, nchi mbili ambazo watu wake wengi ni Waislamu kama mimi na wewe. Yamevuka Bahari ya Hindi yote mpaka kufika kwenye kikaango chako. Na mti uliozaa mafuta hayo ni mchikichi, mti wa Afrika, ambao watu wa Kigoma wanaujua tangu enzi za mababu.

Hapo ndipo kinapoanza kile kisa ambacho karibu kila Mtanzania amekisikia. Kwamba Wamalaysia walikuja Kigoma wakachukua mbegu, wakaenda kupanda kwao, na leo wanatuuzia mafuta ya mti wetu wenyewe. Tumekisikia kwenye mikutano ya siasa, kwenye daladala, kwenye baraza za kahawa. Na mimi, Allah anisamehe, nimekisimulia juu ya mimbari. Ilikuwa wakati ule bei ya mafuta ilipopanda sana, 2021 kuelekea 2022, watu wakawa wananunua mafuta ya kupima kwenye vifuko kama dawa. Nikahutubia juu ya uvivu wa umma, nikatoa mfano wa mbegu za Kigoma, na msikiti mzima ukatikisa vichwa.

Baada ya swala akanifuata kijana mmoja aliyesomea kilimo. Akanipa salamu kwa adabu, akanisogeza pembeni, akasema, "Ustadh, khutba ilikuwa nzuri, lakini ile habari ya mbegu sivyo ilivyokuwa." Sitaficha, nilikasirika kidogo. Mtu akishuka kwenye mimbari hapendi kusahihishwa kabla hajavaa viatu. Nikamwambia aniletee ushahidi. Akaleta. Nami nikaendelea kusoma mwenyewe, na darsa ya leo ni deni la khutba ile. Nililosema mbele ya watu ni wajibu wangu kulisahihisha mbele ya watu.

Tuanze na mbegu zenyewe. Mwaka 1848 Waholanzi, waliokuwa wakitawala visiwa ambavyo leo ni Indonesia, walipanda miche minne ya mchikichi katika bustani yao ya mimea huko Bogor, kisiwani Java. Minne tu. Miwili ilipitia Amsterdam na miwili ilipitia visiwa vya Bahari ya Hindi. Ilipandwa kama mapambo na majaribio, na wajukuu wake wakapandwa Sumatra, sehemu inayoitwa Deli, kandokando ya barabara za mashamba ya tumbaku. Kutoka huko Mfaransa mmoja, Henri Fauconnier, akapeleka mbegu Malaya, na mwaka 1917 likaanzishwa shamba la kwanza la biashara huko Tennamaram, jimbo la Selangor. Malaya wakati huo ilikuwa chini ya Waingereza. Hakuna Mmalaysia aliyekuja kuiba kitu. Hata nchi yenye jina la Malaysia ilikuwa bado haijazaliwa.

Je, hawakuja Tanzania kabisa? Walikuja. Mwaka 1986 watafiti wao walifika kwetu kukusanya mbegu za michikichi ya asili, kama walivyokwenda Nigeria mwaka 1973 wakishirikiana na watafiti wa Nigeria, na Cameroon na Zaire mwaka 1984. Lakini angalia tarehe, ndugu yangu. Kufikia 1980 Malaysia ilikuwa tayari na zaidi ya hekta milioni moja za michikichi. Kwa hiyo utajiri ule haukuota kutokana na mbegu za kwetu. Walikuja wakiwa tayari ni matajiri wa mawese, na sababu iliyowaleta ndiyo inayopaswa kutuumiza kichwa. Waligundua kwamba mashamba yao yote yametokana na ukoo mmoja mdogo, ile miche minne ya Bogor, na wakahofia kwamba siku ugonjwa mmoja ukiingia utafagia kila kitu. Basi wakazunguka Afrika wakikusanya koo tofauti tofauti, wakaenda kuzipanda kwenye kituo chao cha utafiti huko Kluang, jimbo la Johor, wakazitunza na kuzipima mti mmoja mmoja, wakitafuta mti mfupi ambao ni rahisi kuvuna, mti wenye mafuta mengi zaidi, mti usiougua haraka. Sisi miti hiyo tulikuwa nayo hapa. Tofauti ni kwamba wao waliihesabu.

Sasa tujiulize walifikaje mahali pa kuwa na watu wa kuhesabu miti.

Malaya ilipopata uhuru tarehe 31 Agosti 1957 ilikuwa nchi ya mpira na bati. Ukizungumzia mpira, hapo ndipo penye mzizi wa habari yote. Mti wa mpira nao si wa kwao, asili yake ni Brazil. Lakini mwaka 1925 ilianzishwa Taasisi ya Utafiti wa Mpira ya Malaya, na gharama zake zikalipwa na tozo ndogo iliyokatwa kwenye mpira wenyewe uliokuwa ukiuzwa nje. Naomba usipite hapa haraka. Hapa kwetu mkulima anaijua tozo. Anakatwa kwenye korosho, anakatwa kwenye kahawa, na akiuliza pesa imekwenda wapi anajibiwa kwa semina. Kule tozo iliwekewa kazi inayojulikana na haikuchanganywa na bajeti ya mishahara na magari. Kila kilo iliyopita bandarini ilimlipa mtu aliyekuwa maabara akitafuta namna ya kufanya kilo ya kesho iwe bora zaidi. Sisi Waislamu tunalifahamu jambo hili kwa jina jingine, maana wakfu wetu wa zamani ulifanya kazi kwa mtindo unaofanana: shamba fulani ni la kisima fulani, duka fulani ni la chuo fulani, na haiguswi. Sisemi tozo ni wakfu, hukumu zake ni mbalimbali. Nasema akili yake ni moja, kwamba pesa ikishafungwa kwenye kazi yake, kazi inaishi kuliko aliyeianzisha.

Taasisi ile iliwazaa watu. Mmoja wao ni B. C. Sekhar, mtoto wa familia ya Kihindi aliyezaliwa kwenye mazingira ya mashamba ya mpira, akawa mkemia, na mwaka 1966 akawa Mwaasia wa kwanza kuiongoza. Katika zama zake mpira wa asili ulikuwa ukipigwa vita na mpira wa viwandani unaotengenezwa kwa mafuta ya petroli. Mnunuzi wa Ulaya alikuwa analalamika: mpira wenu tunaupima kwa macho, leo safi kesho una takataka. Mwaka 1965 Malaysia ikaleta mpango wa kuupima mpira maabara na kuuza kwa viwango vilivyoandikwa, badala ya kuutazama tu rangi. Jambo dogo kabisa, lakini liliokoa riziki za wakulima wengi.

Pamoja na hayo viongozi waliona kwamba kutegemea mpira peke yake ni hatari. Mwaka 1956, hata kabla ya uhuru, iliundwa mamlaka iitwayo FELDA ya kuwapa ardhi maskini wa vijijini, na nyuma yake alisimama Tun Abdul Razak, ambaye baadaye alikuwa Waziri Mkuu. Familia ilipewa eneo la kama ekari kumi, nyumba na mkopo uliolipwa kidogo kidogo kutoka kwenye mavuno. Mwanzoni walipanda mpira, halafu michikichi ikachukua nafasi. Zaidi ya familia 100,000 zilipata ardhi kwa njia hiyo. Mwaka 1960 nchi nzima ilikuwa na hekta kama 54,000 za michikichi. Miaka ishirini baadaye, kama nilivyotangulia kusema, ilivuka milioni.

Sasa njoo Kongo, na wafuasi wangu wa Kisangani na Bukavu mnisikilize vizuri, maana sehemu hii ni yenu. Chikichi lina aina. Liko lenye kokwa ya gamba nene, nyama yake ni kidogo kwa hiyo mafuta ni kidogo. Wataalamu huliita dura. Liko lisilo na gamba kabisa, huitwa pisifera, lakini mti wake kwa kawaida hauzai vizuri. Na liko la katikati, lenye gamba jembamba na nyama nyingi, yaani tenera. Kila mkulima alitamani tenera, lakini akipanda mbegu zake anapata mchanganyiko: nyingine nene, nyingine bila gamba, na hakuna aliyejua kwa nini. Jibu lilipatikana Yangambi, kwenye kituo cha utafiti kando ya mto Kongo, si mbali na Kisangani. Mwaka 1941 Wabelgiji wawili, Beirnaert na Vanderweyen, walichapisha matokeo yao: tenera si aina inayojitegemea, ni mtoto wa dura na pisifera. Ukiwaozesha hao wawili kwa makusudi, watoto wote watakuwa tenera. Kwa ardhi ile ile na jasho lile lile unapata mafuta kama theluthi moja zaidi.

Ujuzi huo ulizaliwa Afrika. Malaysia waliuchukua na kupanda upya mashamba yao kwa tenera, na leo karibu kila shamba la biashara duniani ni tenera. Na mwaka 2013 wanasayansi wa bodi yao ya mawese, wakiwa na wenzao wa Marekani, walichapisha kwenye jarida la Nature ramani ya vinasaba vya mchikichi na kukionesha kile kinasaba hasa kinachoamua unene wa gamba. Miaka sabini na miwili baada ya Yangambi, swali lililoulizwa Kongo lilimalizwa kujibiwa na Malaysia.

Kwa nini si Kongo? Miaka ya 1950 Nigeria na Kongo ndizo zilizokuwa zinaongoza kuuza mawese duniani. Kituo cha Yangambi kilikuwa kikubwa na mashuhuri, lakini kilijengwa kumtumikia mkoloni, na mwenyeji alikuwa ndani yake kama kibarua. Uhuru ulipokuja mwaka 1960, Wakongo waliokuwa na shahada ya chuo kikuu hawakuzidi dazeni chache nchi nzima. Wabelgiji wakaondoka, vita vikaingia, na nani angebaki kuwasha taa za maabara? Nigeria nayo ilikuwa na taasisi yake nzuri karibu na Benin City, tangu 1939. Lakini bodi za mazao zilimnunua mkulima kwa bei ya chini na kuchukua faida, mkulima akakata tamaa ya kupanda miti mipya, halafu vita vya Biafra vya 1967 hadi 1970 vikapita juu ya ukanda wa michikichi, halafu ikaja petroli na watu wakasahau shamba. Katika muongo huo huo wa 1960 Malaysia ikawapita.

Kwa hiyo usiniambie tena kwamba Mwafrika hakuwa na mbegu wala hakuwa na elimu. Vyote vilikuwepo kwenye ardhi yake. Kilichokosekana ni watu wake kurithishwa elimu hiyo, na mfuko wa kuiendeleza.

Nimekuwekea sehemu niipendayo katikati ili usiikose. Ni habari ya mdudu.

Michikichi ya Malaysia ilikuwa na tatizo moja: ilichanua vizuri lakini haikushika matunda vizuri. Mti mmoja huzaa maua dume na maua jike kwa nyakati tofauti, kwa hiyo chavua lazima isafiri kutoka mti hadi mti. Vitabu vyote viliandika kwamba kazi hiyo hufanywa na upepo. Na kwa kuwa upepo wa Malaysia ulionekana hautoshi, makampuni yaliajiri vibarua, wengi wao wanawake, wapite mti kwa mti wakipuliza chavua iliyochanganywa na poda kwenye maua jike. Fikiria, mamia ya maelfu ya hekta, ua kwa ua, kwa mkono.

Alikuwepo meneja mmoja wa mashamba, Mskoti Leslie Davidson, aliyefanya kazi Malaysia na vilevile Cameroon. Akiwa Cameroon aliona kwamba hakuna anayepuliza chavua, na matunda yanashika kwa wingi, tena maua yamejaa vidudu. Akauliza: je, si hawa wanaofanya kazi? Wataalamu wakamjibu kwamba jambo hilo limeshajulikana, ni upepo. Hakuridhika. Alipopata cheo cha kutosha akaomba uchunguzi ufanywe, na kazi akapewa mtaalamu wa wadudu kutoka Pakistan, Dk. Rahman Syed. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Dk. Syed akaenda Cameroon akakaa na michikichi. Akafunika maua ili wadudu wasiyafikie na mengine akayaacha wazi, akalinganisha. Jibu likawa dhahiri. Ni fukusi mdogo, mfupi kuliko punje ya mchele, aitwaye kwa jina la kitaalamu Elaeidobius kamerunicus. Anaishi na kutaga kwenye ua dume. Ua jike linapofunguka hutoa harufu inayofanana, harufu kama ya bizari tamu, fukusi akadhani ni kwao, akaingia na chavua mwilini, akakuta siko, akaondoka. Hiyo ndiyo kazi nzima. Subhaanallah. Mti na mdudu wameumbwa pamoja, na waliousafirisha mti walimwacha mwenzake nyuma kwa miaka zaidi ya mia moja.

Lakini mtafiti mwaminifu hafungui tu chupa akamwachia mdudu. Dk. Syed alimjaribu kwanza kwenye mimea mingine ahakikishe kwamba hatakula mazao ya watu. Wakampeleka Malaysia mwaka 1980 akawekwa karantini, akakaguliwa asije na ugonjwa. Mwezi Februari 1981 akaachiwa huko Kluang, Johor. Katika muda mfupi akaenea nchi nzima, mikungu ikawa mizito, na ile kazi ya kupuliza chavua kwa mkono ikafa kabisa.

Nilipofika hapa kwenye usomaji wangu nilifunga kitabu kwa muda. Kwa sababu unajua nami najua ile hadithi iliyomo katika Sahih Muslim, ya watu wa Madina na mitende yao. Mtume wetu (Swalla Allahu alayhi wa sallam) alipita akawakuta wanachavusha mitende, wanatia ya dume kwenye ya kike. Akasema kwa rai yake kwamba hadhani jambo hilo linasaidia. Maswahaba kwa mapenzi yao wakaacha, na mavuno ya mwaka ule yakaharibika. Alipoelezwa, aliwabainishia kwamba ile ilikuwa ni dhana yake tu, na kwamba analowaambia kutoka kwa Allah ndilo la kushikwa, ama mambo ya dunia yao wao wenyewe ni wajuzi zaidi.

Nimeisikia hadithi hii ikitumiwa vibaya na watu wanaotaka kuitupa dini nje ya maisha. Siyo maana yake, na wanazuoni wameshalieleza hilo. Lakini na sisi mashekhe tumeificha. Angalia vizuri kilichotokea: ilitolewa rai, ikajaribiwa shambani, mavuno yakahesabiwa, matokeo yakarudishwa kwa mbora wa viumbe bila woga, naye akayapokea mbele ya watu. Na ni nani kati yetu leo, kuanzia mimi niliyekasirika mlangoni mwa msikiti, anayepokea hivyo?

Tuendelee. Mwaka 1979 Bunge la Malaysia lilianzisha taasisi ya utafiti wa mawese, PORIM, kwa mtindo ule ule wa mpira: tozo ndogo kwa kila tani ya mafuta. Mwaka 2000 iliunganishwa na mamlaka ya usajili na leseni ikawa bodi moja, MPOB. Pia serikali ilipunguza ushuru kwa anayeuza mafuta yaliyosafishwa na kumwachia anayeuza ghafi aumie, kwa hiyo viwanda vya kusafisha vikajengwa nyumbani. Sabuni unayoogea, mishumaa, siagi ya mkate, vyote hivyo wakajifunza kuvitengeneza wenyewe. Mwaka 1970 karibu nusu ya familia za Malaysia ya rasi zilikuwa maskini. Kufikia 1990 hazikufika moja kati ya tano. Mawese hayakufanya kazi hiyo peke yake, kulikuwa na elimu, viwanda vya umeme, petroli. Lakini kijijini, mawese.

Na utafiti si wa mimea tu. Ngoja nikupe mmoja unaotuhusu moja kwa moja. Profesa Ungku Abdul Aziz, mchumi Mmalay, alizunguka vijijini akichunguza umaskini wa watu wake. Akaona kitu: mkulima anajinyima maisha yake yote kwa ajili ya Hijja, anaficha pesa nyumbani kwa sababu anaogopa riba ya benki, na zikipungua anauza nyati na ardhi. Anakwenda Makka, anarudi Haji, na anarudi fukara. Watoto hawana pa kulima. Unawajua watu wa namna hii? Mimi ninawajua kwa majina. Mwaka 1959 aliandika pendekezo, na mwaka 1963 likazaa shirika la akiba ya mahujaji lisilo na riba, ambalo leo linaitwa Tabung Haji. Mkulima anaweka kidogo kidogo, fedha zinawekezwa katika halali, yakiwemo mashamba ya michikichi, na faida anagawiwa. Profesa yule hakutoa fatwa. Alihesabu nyati waliouzwa.

Sasa nisije nikawajengea Andalus nyingine. Tumezoea kufanya hivyo: tukiona aibu ya leo tunakimbilia Ibn Sina na al-Khwarizmi, tunapiga takbira, tunarudi nyumbani. Malaysia si pepo. Misitu mikubwa ilikatwa, na wanyama kama orangutan wa Borneo wamebanwa kwenye vipande vya msitu. Moshi wa kuchoma misitu na ardhi oevu, mwingi kutoka Indonesia, ulifunika eneo zima mwaka 1997 na tena 2015, watu wakaugua vifua. Na kwenye mashamba wanaochuma ni wahamiaji kutoka Indonesia na Bangladesh, ndugu zetu katika imani. Mwaka 2020 Marekani ilizuia mafuta ya makampuni mawili makubwa ya Malaysia kwa dalili za kazi ya kulazimishwa. Mfanyakazi kunyang'anywa pasi yake ya kusafiria ni dhulma hata kama mwajiri anaswali tahajjud. Elimu ilijua kuongeza mafuta. Kumlipa mchumaji haki yake kunahitaji kitu kingine, na hicho tunacho kwenye dini yetu tangu siku ya kwanza, kwa hiyo hatuna udhuru.

Jambo jingine, na najua litawaudhi baadhi yenu. Katika kisa hiki yumo Mhindi wa Malaysia, Mskoti, Wabelgiji, Mpakistani. Nchi yenye Waislamu wengi ilinufaika kwa sababu haikuuliza dini ya anayejua fukusi. Waliuliza kama anajua. Na wao wenyewe bado wanahangaika: matumizi yao ya utafiti yalivuka asilimia 1 ya pato la taifa, wakati nchi nyingi za Kiislamu, zikiwemo zenye petroli ya kuogelea, ziko chini ya hapo.

Turudi nyumbani. Tanzania inaagiza zaidi ya nusu ya mafuta ya kula inayotumia. Tangu 2018 serikali ina mpango wa kufufua zao la mchikichi Kigoma, na kituo cha utafiti cha Kihinga kinazalisha mbegu za tenera, zile zile za hesabu ya Yangambi. Yule kijana aliyenisahihisha ndiye aliyenieleza. Nilimwuliza, je, miche ikigawiwa inatosha? Akacheka, akasema, "Ustadh, mche ni siku moja. Mti unakaa miaka ishirini na tano. Nani atakuwa anaupima mwaka wa kumi na nne?"

Sikuwa na jibu, na khutba ya Ijumaa iliyofuata nilianza kwa kusema kwamba Ijumaa iliyopita nilikosea. Mzee mmoja wa safu ya mbele alitikisa kichwa vile vile kama alivyokitikisa wiki ya kwanza.

Nina ombi kwa walioko Ujiji, Uvinza, Kasulu na kote Kigoma. Mliopewa miche ya tenera, niandikieni: imeshika? Nani anakuja kuiangalia, na mara ngapi kwa mwaka? Na kwenye misikiti yetu yenye ardhi za wakfu zilizolala, viongozi wake nao waniandikie ni ekari ngapi na zimelimwa nini. Nataka kuziorodhesha zote kabla ya Ramadhani, in shaa Allah, kisha nimkabidhi kijana yule orodha hiyo.

Wabillahi tawfiq.